Dawa Haisomi Nia

4 Machi

Miaka yote nimeandika ili nijibiwe. Hapa hakuna wa kunijibu, na tayari najiona kama mtu anayerusha ngumi hewani. Lakini mbele ya mume wangu siwezi kusema ninachokihisi, na ninachokihisi ni woga.

Wiki iliyopita walimkata kipande cha tezi shingoni. Leo tumepewa majibu: saratani ya seli B. Daktari wa damu ni mwanamume mpole, anazungumza kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Alisema, "Ni ya aina inayokwenda polepole. Muda tunao." Nikamuuliza ni nani mwenye huo muda, sisi au yeye. Mume wangu akanigonga goti chini ya meza. Hiyo kwetu ni kadi ya njano.

Mji mzima humwita Refa. Ni mwalimu wa jiografia, na Jumamosi huchezesha mechi za shule. Ametukanwa na nusu ya wazazi wa mji huu na hajamrudishia hata mmoja. Mimi nina safu gazetini, na kila Jumatano kuna mtu namvua nguo. Watu hushangaa tunaishije. Tunaishi vizuri sana: mimi nacheza rafu, yeye anapuliza filimbi.

Mvua ya kwanza imetukuta tukitoka hospitalini. Hatukuwa na mwavuli, na hakuna kati yetu aliyekimbia.

5 Machi

Mvua. Nimesoma habari za seli mpaka macho yanawasha. Nimeelewa nusu, na hiyo nusu imenitisha.

7 Machi

Wifi yangu amekuja. Ni mdogo wake Refa, mtafiti wa chuo kikuu, na kazi yake kwa miaka mingi ni kuchunguza molekuli zinazokaa juu ya seli B, hizi hizi zilizomgeuka kaka yake. Mimi na yeye hatujawahi kuiva chungu kimoja. Mimi kwake ni Mama Moto. Yeye kwangu ni Barafu. Tunasalimiana kwa adabu kubwa, kama mabondia.

Refa akamwambia, "Haya, nieleze. Nieleze kama darasa la nne."

Wifi akaweka kikombe chini. "Seli B imejaa molekuli juu ya ngozi yake, kaka. Nyingine ni kama mikono, na mikono ya seli moja yote inangoja kitu cha umbo moja tu. Kikipita kijidudu chenye umbo hilo, inakidaka. Hapo seli inashtuka. Lakini bado haikui, bado haizaani."

"Inangoja nini?"

"Seli nyingine, msaidizi. Nayo lazima ije iguse molekuli ya pili, pale pembeni. Ni kama kusema: ndiyo, hata mimi nimemwona. Ndipo yetu inaanza kukua na kugawanyika, inatengeneza kingamwili."

"Na msaidizi asipokuja?"

"Inatulia. Nyingine hufa kabisa. Mwili unaona heri kupoteza askari mmoja kuliko kumwachia apigane na asiye adui."

"Serikali gani hiyo yenye adabu namna hiyo?" nikasema. "Nihamie leo."

Refa akacheka. Wifi hakucheka. "Tena kuna molekuli nyingine ambazo kazi yake ni kusema basi. Seli zako, kaka, zimepoteza masikio. Zinasikia 'kua', hazisikii 'basi'."

Dawa ambayo daktari anataka kumpa Refa, alisema, inashika molekuli moja iliyo juu ya seli B zote, na seli iliyoshikwa hufa. Niliuliza kwa nini basi isitolewe leo leo. Wifi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu kabla ya swali kumalizika.

9 Machi

Tezi ya shingoni imekua. Au ni mwanga wa bafuni. Refa anasema ni mwanga.

11 Machi

Niandike kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sababu najijua: kesho nitakuwa nimeshakipanga vizuri.

Chumba cha daktari ni kidogo, dirisha halifungi, mvua ilikuwa inaingia na kulowesha mafaili. Tulikuwa watatu: daktari, Refa, mimi. Daktari akaeleza kwamba kabla ya dawa ile lazima wapime homa ya ini aina ya B, na vipimo ni viwili. Kimoja kinatafuta ganda la kirusi kwenye damu. Hicho kimetoka, ni safi. Cha pili kinaangalia kama mwili uliwahi kupambana na kiini cha kirusi hapo zamani, kwa sababu kirusi kinaweza kuondoka kwenye damu na bado kikawa kimelala ndani ya ini. Mashine ya kipimo hicho imeingiwa na unyevu. Damu imepelekwa maabara kuu, mji mwingine. "Wiki moja," akasema. "Kwa mvua hizi, labda zaidi. Tungoje."

"Cha kwanza ni safi?"

"Ni safi, mama, lakini..."

"Basi ni safi."

"Mama," Refa akasema, "tungoje." Alisema hivyo. Naliandika hapa ili lisipotee: alisema tungoje, tena mara mbili.

Nikasimama. Nikamwambia daktari kwamba mume wangu hawezi kungoja mashine ya watu wasiojua kufunga dirisha. Kwamba nimeona watu wakizikwa na neno hilo, tungoje. Kwamba keshokutwa ni Jumatano, na jina lake sihitaji kuliulizia, limeandikwa mlangoni.

Akautazama mlango. Maji yalikuwa yanachuruzika ukutani. Kisha akavuta karatasi na kuandika. "Kesho asubuhi," akasema, bila kunitazama.

Kwenye korido Refa alitembea mbele yangu. Nilidhani ana haraka ya kupata usafiri.

12 Machi

Dripu ilianza asubuhi. Nusu saa baadaye akaanza kutetemeka, meno yanagongana, kitanda kinalia. Nesi, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akafunga dripu, akamchoma sindano, akamfunika mablanketi. "Tulia, Refa," akasema, "hata timu ngeni hupokewa na zomeazomea." Akanigeukia: "Na wewe mwandishi, kaa chini. Ukianguka hapa sina kitanda."

Wakaanza tena taratibu. Jioni alikuwa amelala, anapumua vizuri.

16 Machi

Tezi imepungua! Hata Refa ameigusa na kuinua nyusi. Nimecheza jikoni peke yangu.

20 Machi

Safu imetoka leo. Kichwa chake: "Kungoja Nako Ni Ugonjwa". Mhariri amepiga simu, anasema simu za wasomaji hazijakatika tangu asubuhi. Sikumtaja daktari. Nilijiona mkarimu.

Wifi ameleta ujumbe: "Nimesoma. Kipimo cha kiini kimerudi?"

Sijamjibu.

23 Machi

Paa la sebule linavuja. Ndoo mbili.

27 Machi

Nilikwenda maabara kwa wifi nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na hoja tatu, zote kali. Akanivika koti jeupe lisilonitosha, akanikalisha mbele ya kompyuta, akasema, "Wifi, kabla hujafungua mdomo, tazama."

Ilikuwa damu ya Refa, iliyochukuliwa kabla ya dawa. Kila seli ni nukta. Mashine inasoma molekuli zilizo juu ya kila seli na kuipanga mahali pake. Upande wa kulia kulikuwa na kundi la nukta, zimebanana kama watu uwanjani. "Hizo ndizo seli B zake," akasema. "Hizi nyingi wala si wagonjwa. Ni seli nzuri kabisa." Kisha akabonyeza. "Hii ni ya juzi."

Upande wa kulia ulikuwa mtupu. Sijui nieleze vipi utupu ule. Kiwanja kile kile, mistari ile ile, na hakuna mtu.

"Wamekwenda wapi?"

"Wamekufa."

"Wabaya?"

"Wote. Molekuli ile iko juu ya wabaya na wazuri. Dawa haisomi nia, wifi. Inasoma uso."

Nikasema hiyo ndiyo kazi ya dawa, si ndivyo alivyotaka daktari? Akasema ndivyo, na seli mpya zitaota tena baada ya miezi, kwa sababu mbegu yake haina molekuli ile na haikuguswa. "Kama alikuwa hana kirusi, sina neno. Lakini kama aliwahi kukipata utotoni, akakishinda bila kujua, basi kimelala kwenye ini. Na kinalala kwa sababu kuna wanaokilinda. Seli B ni sehemu ya walinzi hao. Ninyi mmewaondoa walinzi kabla ya kuuliza kama kuna mfungwa."

Alisema ninyi. Alikuwa na maana wewe.

Zile hoja tatu nilirudi nazo nyumbani.

28 Machi

Asubuhi nimemwambia Refa, "Tazama dirishani." Akatazama. Nyeupe ya macho yake bado ni nyeupe, hakuna manjano. "Unatafuta nini?" akauliza. Nikasema kope imeingia. Akasema, "Kope ya kwangu, au ya kwako?"

29 Machi

Tazama dirishani. Nyeupe.

30 Machi

Nyeupe.

2 Aprili

Leo ilikuwa dripu ya pili. Tumefika, tumelowa, Refa amevua viatu. Daktari amesema hapana. Majibu hayajafika, daraja la njia kuu limefungwa kwa mafuriko, na yeye hatoi dawa tena mpaka ayaone.

Nikafungua mdomo. Akaniinulia mkono, mtu yule mpole. "Andika utakachoandika, mama. Safari hii sitoi."

Ajabu ni kwamba nilikasirika. Nyumbani kwenye kiti nilikaa nikitunga sentensi za kumchinja, na ilichukua mpaka chai ipoe ndipo nikaelewa kwamba moyoni nilikuwa namshukuru, na kwamba laiti angeuinua mkono ule Machi.

5 Aprili

Mvua. Nyeupe.

9 Aprili

Yamefika. Kipimo cha kiini: ndiyo. Aliwahi kuugua. Mama yake hakumbuki, yeye hakumbuki, ini linakumbuka.

Daktari ameanzisha vidonge vya kuzuia kirusi leo hii. Kimoja kila siku, bila kukosa, kwa muda mrefu. Amesema vilipaswa kuanza kabla ya dripu, si mwezi baada yake. Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kutoamsha mtoto, akimtazama Refa. Vimeng'enya vya ini, vinavyopanda ini linapoumia, bado viko sawa. Damu itapimwa kila wiki.

Refa alitangulia kuingia nyumbani. Akakaa mezani, akapanga vidonge vyake, akasema, "Safari ijayo nitaingia kwa daktari na mdogo wangu."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa nje."

"Refa..."

"Nilisema tungoje." Hakupaza sauti. Nimeishi naye miaka ishirini na sita nikimpigia kelele, na sikuwahi kujua kwamba anaweza kukasirika. Kumbe anaweza. Hasira yake ni kama chumba ambacho samani zote zimetolewa.

11 Aprili

Nimejaribu kuandika safu: kuhusu mashine inayoachwa inywe unyevu, kuhusu damu ya wagonjwa kukaa nyuma ya daraja lililofungwa, kuhusu wakubwa ambao damu zao hupimwa siku hiyo hiyo. Kila neno ni la kweli. Nimeisoma mara mbili nikaona kwamba kweli zote hizo nimezipanga ziwe ukuta, na nyuma ya ukuta nimejificha mimi. Nimeifuta. Mhariri ameandika gazetini kwamba mwandishi yuko likizo.

16 Aprili

Benchi la nje lina msumari. Nimekaa pale wao wakiwa ndani. Nesi alipita na sinia. "Leo umefukuzwa darasani?" akauliza. Nikamsogezea nafasi, akaketi kando yangu, benchi likalia. Hakusema kitu cha maana. Alisema viatu vyake vimeoza kwa mvua. Nilitamani asiondoke.

Wifi akatoka akasema, "Vimeng'enya sawa," akapita.

17 Aprili

Tazama dirishani. "Nimeshatazama mwenyewe," akasema, "kwenye kioo." Basi na yeye anaogopa. Tunaogopa kila mtu upande wake, kama wapangaji.

23 Aprili

Vimepanda. Mara tatu ya kawaida. Na kirusi kinaonekana sasa kwenye damu.

Wifi ndiye aliyeniambia, pale kwenye benchi, akiwa amesimama. Nikamuuliza vidonge si vinafanya kazi? "Vinafanya. Lakini kilishaamka kabla. Vidonge vinazuia kisizaane. Kilichokwisha kuzaliwa, kiko ndani."

"Na hao walinzi, watarudi lini?"

"Miezi sita. Labda zaidi."

"Si unaweza kuwashtua? Si ndiyo kazi yako, molekuli, mikono, msaidizi, sijui nini? Washtue!"

"Nimshtue nani, wifi?" akasema. "Hakuna mtu uwanjani."

25 Aprili

Hataki soga, hataki supu. Anasema chai ina harufu ya chuma. Amelala tangu mchana akiwa ameuelekea ukuta.

26 Aprili

Mvua bila kupumzika. Mtaro wa mbele umejaa, maji yako kizingitini. Nimeweka magunia ya mchanga na jirani. Jirani akauliza, "Mzee hajambo?" Nikasema hajambo.

30 Aprili

Sikumwambia atazame dirishani. Aliketi kitandani, umeme ukarudi ghafla, taa ikamwangaza usoni, nikaona. Manjano. Si hafifu, manjano ya karatasi ya zamani. Aliniona nilivyoona.

"Kadi ya pili," akasema. Akajaribu kutabasamu.

Nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili asisikie.

4 Mei

Amelazwa. Kitanda cha dirishani. Daktari amenikuta koridoni akanieleza mwenyewe, bila kulazimika: ini limevimba, damu inachelewa kuganda, wanachokiogopa sasa ni kichwa. Ini likishindwa kusafisha damu, sumu hupanda kwenye ubongo, mtu huchanganyikiwa, kisha hulala usingizi usio wa kawaida. Dawa za saratani zimesimama zote. Tezi, akasema, kwa sasa si tatizo letu. Tezi ile! Ile niliyotaka kuvunja mlango kwa ajili yake.

Nilingoja aseme, ulinilazimisha. Niliingoja sentensi hiyo kwa hamu, maana ningejua namna ya kupigana nayo. Hakuisema. Akasema, "Umekula, mama?"

6 Mei

Nesi humuuliza kila zamu: jina lako nani, leo siku gani, hapa ni wapi. Refa hujibu kama mwanafunzi mtiifu. Kisha nesi humwambia, "Taja mito mitano, mwalimu," kwa sababu siku na mahali mtu anaweza kukariri. Anataja mito mitano.

7 Mei

Mito mitano.

8 Mei

Mitano. Polepole.

9 Mei

Minne. Wa tano ulikuwa mlima.

Akajua. Nesi alikwishageuka kuandika, na Refa akanitazama kwa macho yale ya manjano, akasema kwa sauti ndogo, "Huo si mto, eh?" Nikasema ni mto, mume wangu, ni mto kabisa. Mara ya kwanza maishani mwangu nimekubali hoja nikijua si kweli.

Wakamwongeza dawa ya kusafisha tumbo. Nesi akasema atalala chini ya macho yake. Mimi nikatoka nje.

Wifi alikuwa kwenye ngazi za nyuma, ameketi penye maji, sketi yake imelowa na hajali. Barafu alikuwa analia. Sijui kumbembeleza mtu. Nikaketi kando yake katika maji yale yale.

"Nilijua," akasema. "Siku ile ile ya kumi na moja kaka alinipigia akaniambia. Nilikuwa na usiku mzima. Namba ya daktari ninayo, tulisoma wote. Ningempigia, nimwambie usitoe. Hata mkuu wake ningempigia."

"Kwa nini hukupiga?"

"Nilikuogopa."

"Nani? Mimi?"

"Wewe, wifi. Nilijiambia, nikizuia na tezi ikakua, huyu ataniandika. Ataniita majina mbele ya watu wote, na watu watacheka, kwa sababu unaandika vizuri. Nikazima simu nikalala."

Miaka yote nimejisifu kwamba kalamu yangu inawatetea wasio na sauti. Katika habari hii walikuwapo watu watatu waliojua la kufanya: daktari, dada mtu, mgonjwa mwenyewe. Wote watatu niliwanyamazisha mimi, na hata sikuhitaji kuandika. Jina langu lilitosha.

"Nisamehe," nikasema.

"Usiniombe mimi." Akajifuta uso kwa mkono. "Una leso?"

Sikuwa nayo. Nikampa ncha ya mtandio wangu.

10 Mei

Mito mitatu.

11 Mei

Anasinzia. Nesi humwamsha, humwambia anyooshe mikono kama anayezuia gari. Viganja vinapepea vyenyewe: sumu imefika kichwani. Daktari amekuja mara nne leo, ingawa ni Jumamosi. Ya nne hakuwa hata na koti.

Mimi si mtu wa kuomba. Leo nimeomba, bila ustadi, kama mtu anayezungumza lugha aliyoisikia redioni tu.

12 Mei

Mitatu. Haijapungua.

13 Mei

Mitatu. Wifi amelala kwenye kiti, mimi sakafuni. Tumegawana blanketi moja tukagombania upande usio na unyevu, na Refa, macho yamefumba, akasema, "Chezeni mpira, nyie." Tukatazamana. Hakusema kingine siku nzima. Tumeishi kwa maneno hayo matatu.

15 Mei

Vimeng'enya havikupanda. Havikushuka, lakini havikupanda. Daktari amesema tusifurahi. Hatukufurahi. Wifi alikwenda chooni akakaa muda mrefu.

16 Mei

Mito minne.

18 Mei

Mitano, na wa sita kwa kujionyesha. Damu inaganda vizuri zaidi. Kirusi kinashuka: vidonge vimekishika. Nesi amemwambia, "Mwalimu, mito inatosha, kesho tunaanza maziwa."

21 Mei

Leo mvua haikunyesha. Watu wodini walikuwa wanatazama nje kama waliosahaulishwa kitu.

Mhariri alipiga simu. Anataka safu ya kurudi, "yenye moto." Nikamwambia sina. Akadhani namtania.

27 Mei

Nyumbani. Amepungua mpaka saa ya mkononi inamzunguka. Sebule inanuka ukungu. Nimefungua madirisha yote. Vidonge viko mezani, na kila asubuhi anakunywa kimoja mbele yangu bila kuambiwa, akifungua mdomo kunionyesha kama mtoto. Sijui kama ni utani au ni adhabu. Vyote viwili navipokea.

Kuhusu lile la Machi hajasema kitu. Nilimwanzia jana, akasema, "Si leo."

31 Mei

Kliniki. Nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi langu. Mlango ukafunguka na Refa akasimama pale. "Ingia," akasema. "Lakini sikiliza tu."

Nikaingia. Wifi alikuwa ameshaketi ndani. Daktari alieleza kwamba ini linapona. Kuna njia mbili. Kurudia dawa baada ya miezi michache, sasa chini ya ulinzi wa vidonge, hatari ikiwa ndogo. Au kuiacha saratani, kwa kuwa ni ya polepole, na kuitazama: kupapasa shingo, kupima damu, kungoja mpaka itakapolazimu. Kuna wanaongoja miaka. Kuna wasiopata hata mwaka. Hakuna kipimo kitakachosema yeye ni yupi.

Wote watatu walinitazama. Ninaapa sikuwa nimefungua mdomo.

"Nitangoja," Refa akasema.

Nikauma ulimi, kweli kweli, mpaka nikasikia chumvi. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele: iondoeni, iueni, leo. Nilikuwa na maneno. Yalikuwa mazuri. Nikakaa nayo.

3 Juni

Tangu Aprili hajaniruhusu kumgusa shingo. Mwenyewe hujipapasa akidhani sioni.

Leo jioni alikuwa kibarazani, ardhi imekauka juu na bado laini chini. Nikapita na nguo za kuanua. Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya taya lake, upande wa kushoto, akaubana pale.

Nguo zikaanguka. Nikapapasa. Ipo. Ndogo, ya mviringo, inateleza chini ya kidole. Niliisikia mishipa yake ikipiga kando ya tezi, na yangu ikipiga kwenye ncha ya kidole, nikashindwa kujua ipi ni ipi.

"Imekua?" akauliza.

Nilitaka kusema haijakua. Nilitaka kusema imekua, twende sasa hivi. Alikuwa anasubiri, uso wake karibu kabisa na wangu, macho yake meupe.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kukubali. Hakuuondoa mkono wangu.